Kikombe cha Saa Saba

Fyuuup!

Ukisimama nje ya mlango wa chumba chetu cha kazi, hiyo ndiyo sauti inayokupokea. Mvuto mkali wa midomo, kama mtu anayechana kitambaa kirefu kwa mkupuo mmoja. Kisha kimya, hesabu moja mpaka tatu. Kisha tu! na bati likilia. Fyuuup, kimya, tu! Fyuuup, kimya, tu! Mgeni asiyejua hudhani kuna mtu ndani anagombana na supu.

Ni shangazi yangu, anaonja chai.

Fungua mlango umwone. Mwanamke mfupi, aproni ya kijani, kasimama mbele ya meza ndefu ya vigae vyeupe chini ya madirisha. Juu ya meza kuna vibakuli arobaini vya kaure kwa mstari, kila kimoja na chai yake, zote zimepimwa gramu zilezile, maji yaleyale, dakika sita zilezile. Anachota kwa kijiko cha fedha, anavuta kwa kishindo ili chai imwenee ulimi mzima, anafikiri, anatema kwenye ndoo ya magurudumu anayoisukuma kwa goti, anasema neno, anasogea. Mimi ndiye ninayeliandika hilo neno. "Butu." "Imeungua." "Hii ni maji ya kunawa, nani kaileta?" Ghala zima linamwita Kijiko. Wanunuzi walio mbali, ambao hawajamtia machoni, hawaagizi hata gunia moja mpaka waulize Kijiko kasema nini.

Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo. Vibakuli mia mbili kwa siku, na hamezi. Mwonjaji hamezi; hilo alinifundisha kabla hajanifundisha kuwasha birika.

Nalieleza hili mapema ili ujue nilikuwa napambana na nani.

Shangazi alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Kwa miezi mingi alitokwa na damu nyingi kuliko kawaida akanyamaza, maana ni mtu wa kunyamazia yake na kupigia kelele ya wenzake. Mpaka siku moja katikati ya vibakuli akashika ukingo wa meza na kusema, "Hiki chumba kinazunguka, au ni mimi?" Hospitali wakasema uvimbe utolewe, na utolewe upesi. Ila kiwango chake cha damu kilikuwa saba nukta nane, na daktari wa upasuaji hafungui tumbo la mtu aliye chini ya kumi. Daktari mwenyewe huja mjini kwetu mara moja kila miezi mitatu. Safari hiyo tukamkosa.

"Akija tena, mama awe na kumi," alisema muuguzi wa chumba cha vipimo. "Uvimbe hausubiri. Kila mwezi unachukua damu nyingi kuliko anayotengeneza. Tukimkosa daktari mara ya pili, sijui kama ya tatu tutafika naye akiwa anatembea."

Alilisema hilo Shangazi akiwa chooni. Nililisikia peke yangu, nikalibeba peke yangu, na tangu siku hiyo jiko nikalichukua mimi.

Utadhani ni kazi rahisi. Nyama Shangazi haigusi. Anasema mafuta yake yanamkalia ulimini siku mbili. Basi iwe majani na maharage. Nikamrudia muuguzi kwa maswali, Shangazi kando yangu. Alikuwa mwanamke wa miwani asiyecheka ovyo, akanieleza kama mtu anayejua hatarudia. Madini ya chuma yamo kwenye mboga za majani, lakini ni ya kubembelezwa. Yakiingia peke yake, mwili unayapokea kidogo tu. Ndimu ikikamuliwa juu ya chakula kikishaiva inayafungulia mlango. Maharage yalowekwe tangu jana yake, maji yake yamwagwe. Vidonge vya chuma vimezwe kwa maji. Na chai, akasema akinitazama juu ya miwani, chai iwe mbali na chakula, saa nzima kabla na saa nzima baada.

"Kile kinachobana mdomo ndani ya chai ndicho kinachoshikana na chuma tumboni," alisema. "Vikishashikana, vyote vinapita, vinakwenda zao. Mama, wewe unakunywa chai?"

"Nyumbani kwangu haiingii," Shangazi akajibu.

Na ni kweli. Mtu aliyeonja mia mbili mchana kutwa, akirudi kwake anataka maji ya moto matupu. Mimi nikatikisa kichwa kuthibitisha. Shahidi mzima!

Nikaanza. Asubuhi mboga, mchana mboga, jioni mboga na maharage. Muuza mboga akaniuliza kama nimefungua zizi la mbuzi. Nikaandika ubeti mfupi kwa kalamu nene, nikaubandika juu ya jiko:

Mboga na ndimu mezani,
Chai ibaki ghalani.

Shangazi akausoma huku akitafuna. "Vina vimetimia," akasema. "Chumvi ndiyo haijatimia."

"Chumvi ipo, Shangazi."

"Ipo kwenye kopo."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Chakula cha mchana nilikifunga kwenye bakuli la kifuniko tukaenda nacho ghalani, na pembeni nikaweka nusu mbili za ndimu ndani ya mfuko mdogo. Kila siku mfuko ulirudi mtupu. Nikawa natembea kifua mbele kama mtu aliyegundua dawa. Mpaka wiki ya tatu, tunatoka getini, mlinzi akaniita.

"Bwana mdogo! Mwambie Kijiko asante. Ndimu za jana zilikuwa na maji kweli. Kikohozi kimekwisha."

Nikageuka. Shangazi alikuwa anaangalia juu kama anayetafuta mvua.

"Shangazi."

"Alikuwa anakohoa."

"Wiki tatu?"

"Kikohozi kibaya."

"Shangazi, ndimu zile ni za damu yako!"

"Na ulimi wangu nao ni wa nani?" akanigeukia, mkono kiunoni. "Nikishakula ndimu, saa mbili nzima sionji kitu. Ulimi unakuwa kama kiatu. Ndimu nitakula jioni, na jioni nakula. Sasa twende, miguu inauma."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kipimo. Muuguzi akamtoboa kidole, akaingiza tone kwenye kimashine, tukangoja. Saba nukta tisa.

"Pima tena," nikasema.

"Kaka..."

"Pima tena! Wiki tatu nachuma majani kama nzige. Hicho kimashine kibovu!"

"Kaka, mashine haina ugomvi na wewe," muuguzi akasema taratibu. "Kama chakula kinaingia na damu haipandi, kuna kitu kinakizuia. Andika. Siku moja nzima, kila kinachopita mdomoni mwake, na saa yake. Kila kitu. Unaweza?"

Ananiuliza mimi kama naweza kuandika! Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika kila neno linalotoka mdomoni mwa mwanamke huyu. Kuandika kinachoingia kungenishinda nini? Nikachukua karatasi yake, nikaikunja mfukoni, nikatoka bila kuaga vizuri. Shangazi ndiye aliyeniombea radhi. "Msamehe, mwanangu. Damu anayo nyingi mno huyu, laiti ingehamishika kirahisi."

Basi kesho yake nikawa na karatasi mbili mezani: ya kazi kushoto, ya muuguzi kulia. Saa moja: mboga, maji. Saa nne: ndizi. Katikati, fyuuup na tu, fyuuup na tu, na hilo sikuliandika kwa muuguzi kwa sababu linaishia ndooni. Saa saba kasoro, mstari ukaisha. Chai namba thelathini na moja ikashinda.

Sasa nikueleze kinachofuata, maana kwetu ni jambo la kila siku kiasi kwamba hakuna anayeliona. Chai ikishashinda, naipika upya, si kwa kibakuli bali birika zima. Namimina kikombe kikubwa. Shangazi anavua aproni, anakaa kwenye kiti, anafungua chakula chake, na anakula huku anakunywa chai hiyo mpaka iishe. Anameza. Aliyemfundisha kazi alifanya hivyo, naye anafanya hivyo. "Watu hawanywi chai wima huku wanatema," husema. "Wanakunywa na chakula mdomoni. Chai isiyoweza kukaa na chakula haijashinda kitu." Akimaliza ndipo anapotia sahihi, na saa nane karatasi inaondoka kwenda kwa wanunuzi. Wanachokiamini si vile vibakuli mia mbili. Wanakiamini kile kikombe cha saa saba.

Nikamimina. Kwa mkono wangu huu. Nikashika kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya kushoto: 31, kikombe cha mwisho. Kwenye ya kulia nikaandika: mboga, maharage, vidonge viwili. Vidonge vyenyewe nilimwona anavirusha mdomoni na kuvisukuma kwa funda la chai, nikaandika "vidonge viwili" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Shangazi akatafuna, akanywa, akafumba macho. "Safi," akasema. "Inabana vizuri. Andika: inabana mdomo mzima mpaka nyuma ya meno, na chakula hakiitishi."

Nikaandika "inabana." Kalamu ikasimama.

Kile kinachobana mdomo.

Nikatazama karatasi ya kushoto. Nikatazama ya kulia. Nikatazama bakuli la mboga nilizoosha mara tatu, maharage niliyoyaloweka tangu jana, na kile kikombe, chai nzito kuliko zote ndani ya ghala, iliyochaguliwa na ulimi bora kuliko wote kwa sababu inabana kuliko zote, nikiipika mimi, nikiimimina mimi, juu ya mboga zangu mimi, kila siku ya Mungu isipokuwa ya mapumziko. Na ubeti wangu ukutani unasema chai ibaki ghalani!

"Shangazi, unakunywa chai."

"Nani?"

"Wewe. Sasa hivi. Na chakula."

Akakitazama kikombe kama mtu aliyeonyeshwa pua yake mwenyewe. "Hii si chai, hii ni kazi."

"Tumbo lako linajuaje?"

"Usinipandishie sauti."

"Tumbo linajuaje, Shangazi, kwamba sasa ni kazi na sasa ni mapumziko? Lina saa ya ukutani? Yule muuguzi kakuuliza wazi, unakunywa chai?"

"Kaniuliza, nikamjibu ya nyumbani! Na wewe ulikuwepo, mbona hukusema? Si ndiwe unayemimina?"

Hapo alinipata. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilikichukua kikombe kutoka mbele yake, kikiwa na zaidi ya nusu, nikakimwaga ndooni.

Shangazi akaitazama ndoo.

"Umemmwaga mshindi," akasema polepole. Akavaa aproni, akatia sahihi iliyopinda kuliko siku zote, akatoka. Sikujua kama ni hasira au ile damu inayopungua, na kutokujua huko ndiko kulikonimaliza.

Siku mbili hakunisemesha. Alinionyesha vibakuli kwa kidole. Maneno ya chai aliyasema akitazama dirishani, na mimi nikayaandika. Saa saba alijipikia birika mwenyewe, akamimina mwenyewe, akala mboga zangu na chai yake mbele ya macho yangu, tonge kwa funda. Nyumbani alikuta ubeti wangu nimeuchana, akaokota vipande akavitupa bila neno. Ningeweza kupiga kelele. Nilizipiga, ila bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Siku ya tatu, alipoinua birika, nikaenda nikasimama mbele yake. Kuomba radhi si kazi ninayoiweza. Maneno hunikwama kama mfupa.

"Nilikosea kumwaga," nikasema. "Sikukosea nilichosema."

"Hiyo ndiyo radhi?"

"Ndiyo niliyonayo. Shangazi, muuguzi alisema tukimkosa daktari mara ya pili, ya tatu huenda hutembei."

Birika likashuka mezani. "Alisema lini?"

"Siku ile ya kwanza. Ulikuwa chooni."

"Na umekaa nalo mwezi mzima?"

"Ningelipeleka wapi?"

Alikaa. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake bila ule ukali wa kazi; viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vile vigae.

"Nile saa tisa basi," akasema. "Kikombe kwanza, chakula baadaye."

"Kikombe bila chakula si kikombe cha saa saba. Wewe ndiye uliyesema. Na ukingoja mpaka saa tisa utaanguka, jana umeshika ukuta mara mbili."

"Sasa unataka nini? Nitie sahihi chai nisiyoijua? Miaka ishirini na sita sijatia sahihi ya uongo, nianze leo kwa ajili ya mchicha?"

"Kikombe ninywe mimi."

Akacheka. Kicheko kibaya, cha puani. "Wewe? Ulimi wako una hasira, mwanangu. Kwako kila chai ni kali au ni takataka. Katikati hujawahi kufika."

Damu ikanipanda. Nilikuwa na jibu, refu, lenye mizani. Nikalimeza. Labda ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kumeza ndani ya chumba kile.

"Nijaribu," nikasema.

Akanijaribu kweli. Aliniamuru nigeukie ukuta, akapika tatu, akanipa moja moja pamoja na tonge la chakula. Nilikula, nikanywa, nikasubiri mpaka ulimi useme wenyewe badala ya mimi kuusemea. Ya kwanza, nikasema, inazimwa na chakula. Ya pili inabaki ila inaacha ukakasi pembeni. Ya tatu inakaa na chakula kama ndugu wawili kwenye benchi, hakuna anayemsukuma mwenzake.

Nikageuka. Shangazi alikuwa amejionjea zote tatu na kutema, kijiko bado mdomoni.

"Hukukosea," akasema, kama mtu anayetoa jino. "Ila hiyo ya benchi usiiandike. Wanunuzi watatuona wendawazimu."

Tangu siku hiyo saa saba ikawa na viti viwili, na karatasi ikawa na sahihi mbili. Mimi nakula na kunywa kile kikombe, yeye anakula mboga na maharage, ndimu imekamuliwa mbele ya macho yangu, vidonge kwa maji. Usidhani ilikuwa raha. Alikunja uso kwa kila tone la ndimu. Alinitazama nikinywa kama mtu anayetazama nyumba yake ikipangishwa. "Usiivute hivyo, unakunywa, huonji! Haya, nyuma ya meno kukoje? Usinijibu upesi, mjinga wewe, ngoja ishuke." Mlinzi naye akaja kulalamika kwamba ndimu zimekatika. Nikamwambia akohoe polepole.

Baada ya mwezi, kimashine kikasema tisa nukta moja. Shangazi akamtazama muuguzi, kisha mimi. "Pima tena," akasema, "hicho kimashine kibovu," na muuguzi asiyecheka ovyo akacheka mpaka akavua miwani.

Wiki moja kabla ya daktari kufika, ilikuwa kumi nukta mbili.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta kakaa kitandani na gauni la hospitali lililofungwa mgongoni, kachukia kila kitu: gauni, shuka, na hasa yule mhudumu aliyepita na toroli la chai kwa wagonjwa wengine.

"Umeisikia harufu?" akaninong'oneza. "Imechemshwa mara mbili. Watu wanaumwa halafu wanapewa ile!"

"Shangazi, tulia."

"Nimetulia." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Ndani yake kilikuwamo kijiko cha fedha, ukingo umelika upande mmoja kwa midomo ya watu wawili, yeye na aliyemfundisha. "Leo chai ni chache, vibakuli thelathini na sita tu. Nimemuuliza meneja. Usimwachie mtu."

Nilikipokea. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri, nikakishika kwa mikono miwili.

"Mbona hunitukani leo?" akauliza. "Unanitisha."

Wahudumu wawili wakaja na kitanda cha magurudumu. Akapanda mwenyewe, akakataa kushikwa, akajifunika shuka mpaka kidevuni. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kiganja pamoja na kijiko.

"Na wewe," akasema, "usije ukakizoea."

Kitanda kikaanza kusogea, nikawa natembea kando yake kwa haraka, nikisema kwa sauti iliyofanya korido nzima igeuke.

"Nakuahidi, Shangazi. Nitaonja zote thelathini na sita leo, na za kesho, na za mwezi mzima, na kila karatasi nitaandika kwamba nimemshikia Kijiko. Ukirudi utakikuta mfukoni mwa aproni yako, kimefutwa. Na kikombe cha kwanza nitakumiminia mimi mwenyewe, chai iliyoshinda, birika zima, saa nzima baada ya chakula. Hata dakika moja kabla hupati, utukane usitukane!"